Stoo ya Bibi, Kutoka Koroboi Hadi Chokaa

Wete hatujengi vyumba chini ya ardhi. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, masika yakishika yameshika, na anayechimba shimo chini ya nyumba yake huenda akapata kisima kabla hajapata chumba. Chumba cha giza tulicho nacho ni stoo: kile cha ndani kabisa, mwisho wa ukumbi, hakina dirisha, kina mlango mmoja na kufuli moja. Wala hakikujengwa hivyo kwa kukosa fundi. Karafuu ni mali, na mali haiwekwi karibu na dirisha la njiani. Giza lilikuwa sehemu ya ulinzi, kama komeo.

Stoo ninayoijua mimi ni ya nyumba ya marehemu bibi yangu, mzaa mama. Nimeiona ikipitiwa na taa za kila namna, kuanzia zama za mafuta ya taa hadi hizi za sola. Na kila taa mpya iliyoingia haikuangaza magunia tu. Ilibadilisha nani anaruhusiwa kuingia, anaingia saa ngapi, na nani anajua kilichomo.

Asiyeijua kazi ya karafuu atauliza usiku una nini na stoo. Mchana watu wako juu ya mikarafuu. Wanarudi na mapakacha jua likizama, na karafuu ilivyo haingoji: makonyo, yaani vikonyo vyake, lazima yatengane na karafuu zenyewe kabla hazijaanza kuvunda. Basi kuchambua ni kazi ya usiku. Baada ya sala ya Isha, nyumba nzima, kina mama, watoto, jirani na mgeni aliyepita kusalimia, hukaa chini kuzunguka lundo la karafuu mbichi, kila mtu akachukua shada, akalibonyeza kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Kesho yake karafuu zinaanikwa kwenye majamvi, siku kadhaa za jua zuri, zikikauka ndipo zinatiwa guniani na kuingia stoo kungoja kupelekwa kituoni. Makonyo nayo hayatupwi, yana soko lake, na Chake Chake kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Taa ya kuchambulia ilikuwa koroboi. Mafundi bati waliitengeneza kwa kopo tupu: wanakata, wanalehemu, wanatia mdomo mwembamba juu, utambi wa kitambaa cha pamba unapita humo, na mafuta ya taa chini. Nuru yake haifikii hata ya mshumaa mzuri, na moshi wake ukiuvuta usiku kucha, asubuhi unautoa puani mweusi. Ilitosha kuona vidole vyako na vya aliyekaa ubavuni kwako. Aliyekaa mbali zaidi alichambua kwa mazoea, na hadithi zilisaidia pale mwanga ulipoishia.

Lakini koroboi haikuvuka kizingiti cha stoo. Hiyo ilikuwa sheria ya bibi, na sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni moto: humo mna makonyo makavu, majamvi, magunia, na juu siku hizo kulikuwa na makuti. Ya pili mtoto wa mjini haijui. Karafuu hunyonya harufu. Gunia likikaa na mafuta ya taa chumba kimoja, mnunuzi akifungua mdomo wa gunia anapokewa na jiko, si karafuu. Na mnunuzi ni mmoja tu, ZSTC, shirika la serikali. Akikuteremshia daraja huna pa kukata rufaa.

Basi bibi aliingia stoo bila taa. Aliingia kwa mkono. Kushoto kwa mlango palikuwa na mitungi, alipapasa shingo za mitungi mpaka akafika ukutani, kisha magunia, ambayo aliyajua kwa mshono: hili la shamba la Mtambwe, hili la Limbani, hili la amana ya watu. Akifika kwenye gunia alilolitaka, alifungua mdomo na kutumbukiza mkono mpaka kiwikoni. Hapo alinyamaza. Karafuu isiyokauka sawasawa hujipasha joto yenyewe kwa ndani, na joto hilo halionekani kwa taa yoyote. Mkono ukipata uvuguvugu, gunia lile kesho linarudi jamvini. Kisha alichukua karafuu moja, akaikunja karibu na sikio. Iliyokauka inakatika kwa mlio, ka! Isiyokauka inapinda kimya.

“Bibi, unaonaje humo ndani?” nilimuuliza siku moja nikiwa mlangoni.

“Sioni, mjukuu wangu. Nasikia. Na wewe usiingie, kuna nge.”

Nge walikuwapo kweli, na tandu, na panya, na mara moja moja nyoka aliyewafuata panya. Kwa ajili hiyo stoo ilikuwa ya mtu mmoja. Si kwamba bibi alitukataza tu. Hakuna mwingine aliyeweza kutembea humo na akatoka salama. Idadi ya magunia ilikuwa kichwani mwake. Nani ana nini ilikuwa kichwani mwake. Wajomba, watu wazima wenye ndevu, walisubiri nje ya mlango kuambiwa.

Kandili ndiyo taa ya kwanza kuvuka kizingiti. Ina kioo, moto umefungiwa, mafuta hayamwagiki ovyo, na bibi aliikubali kwa shingo upande. Kazi ya kusafisha kioo ilikuwa yetu watoto kwa kuwa mikono yetu ndiyo iliyopenya: majivu makavu, kitambaa, unasugua mpaka masizi yaishe. Kioo kichafu kinakula nusu ya mwanga kabla haujatoka, nayo hiyo ni elimu inayofaa hata kwa taa za leo, maana nenda katazame globu za stoo za watu, zina vumbi na utando wa buibui wa miaka.

Hata hivyo kandili ya mkononi ina ujinga wake. Ukiishika mbele inakupiga machoni, huoni mbele. Ukiishika nyuma, kivuli chako mwenyewe kinaangukia hasa pale unapotaka kutazama. Mjomba mmoja ndiye aliyelitatua hilo: alikunja waya mnene, akautundika kwenye boriti katikati ya chumba, juu ya kichwa cha mtu mrefu. Tokea hapo aliyeingia aliitundika kandili kwanza, ndipo akafanya kazi kwa mikono miwili. Ni jambo dogo, lakini kwa mara ya kwanza taa ilikaa mahali badala ya kumfuata mtu, na watu wawili waliweza kuwamo stoo kwa pamoja. Mjomba akaanza kuyahesabu magunia mwenyewe.

Karabai tulikuwa nayo pia, taa ya kupampu, yenye kile kifuko cheupe kinachowaka kama mwezi. Ile ilikuwa ya shughuli: maulidi, harusi, na kwa wavuvi, dagaa. Msimu ukiwa mkubwa ilitolewa barazani kuchambulia, na usiku huo kazi ilikwenda mbio na hadithi zikapungua, kwa kuwa karabai inavuma na kila mtu anaonekana kama anazembea. Stoo haikuingia. Joto lake lilikuwa jingi mno kwa chumba cha magunia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta ya taa yenyewe yakawa ya kutafutwa, kama sukari, kama sabuni. Kandili ilishushwa utambi hadi ikawa inapumua tu. Halafu biashara ikafunguliwa Zanzibar, katika kipindi kile cha 1984 na 1985 ambapo Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa visiwa hivi, na vitu vikaanza kuteremka bandarini. Kati ya vitu hivyo, kilichotugusa stoo ni kurunzi. Betri zilikuwa ghali, basi zikichoka zilianikwa juani pamoja na karafuu, zikapata uhai wa jioni mbili tatu zaidi. Kurunzi haina moto wala harufu, bibi hakuwa na hoja juu yake. Lakini inamulika kitu kimoja kimoja. Utamwona panya, chumba huoni. Na aliyeishika ndiye anayechagua wengine waone nini. Kwa muda fulani kurunzi ilikaa mfukoni mwa mjomba mmoja tu, na hesabu ya magunia ikawa na watu wawili wanaoijua: bibi kwa mkono na mjomba kwa kurunzi. Hesabu hizo hazikulingana kila mara. Sisemi zaidi ya hapo, waliohusika wameshatangulia mbele ya haki.

Umeme ulipofika nyumbani, Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake. Fundi aliyetufungia nyaya aliipa stoo globu moja ya wati 60, ikaning'inia kwa waya wake katikati, pale pale penye ndoano ya mjomba. Swichi akaiweka ndani, nyuma ya mlango, upande wa bawaba. Maana yake, ili uwashe taa lazima kwanza uingie gizani, uuzunguke mlango na upapase ukuta wenye nge. Tumekaa na swichi ile miaka mingi. Na globu za zamani zilikuwa jiko zaidi ya taa: sehemu ndogo mno ya umeme wake hutoka kama nuru, asilimia tano hivi, iliyobaki yote ni joto. Gunia la juu likipangwa karibu na globu, karafuu zake zilipoteza mafuta na harufu. Kwa hiyo tukajifunza kutopanga magunia mpaka juu, na stoo ikawa ndogo kwa sababu ya taa.

Umeme wa kutegemewa zaidi ulikuja 2010, ulipokamilika waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, wa kilovolti 33, mradi uliosaidiwa na Norway. Bibi hakuuwahi. Watu wa Unguja walikuwa na waya wao kutoka Bara tangu 1980, sisi tulingoja miaka 30. Mwaka uliofuata bei ya karafuu ikapandishwa sana, na watu waliokuwa wameacha mashamba wakarudi. Magunia yakajaa tena stoo, safari hii chini ya taa inayowaka.

Ila kitu kilichoimaliza heshima ya giza, nasema kweli, kilikuwa simu. Nokia 1100 ilitoka 2003 ikiwa na tochi kichwani, na haikupita muda kila kijana wa Wete alikuwa na mwanga mfukoni. Kabla ya hapo mtoto aliyetumwa stoo alikuwa na udhuru: kuna giza. Baada ya hapo udhuru ukaisha. Na mjomba mwenye kurunzi hakuwa tena na cha pekee.

Zikaja LED. Mwaka 2014 wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kupata LED ya buluu, kwa kuwa ndiyo iliyowezesha taa nyeupe inayokula umeme kidogo. Hesabu yake mwenye nyumba anaielewa haraka. Globu ya wati 60 ikisahauliwa ikiwaka kwa muda wa saa kumi inakula zaidi ya nusu uniti. LED ya wati 9 yenye nuru sawa na hiyo, kwa saa hizo hizo, haifiki hata moja ya kumi ya uniti. Anayenunua umeme wa Tukuza kwa elfu mbili mbili anaisikia tofauti hiyo. Tena LED haichomi gunia, na stoo yetu ikarudi kupangwa mpaka juu. Za kuchaji ukutani zinabaki zikiwaka umeme ukikatika. Za sola zimefika hata mashamba yasiyo na nguzo, na si za kununuliwa tu: chuo cha Barefoot cha Kinyasini, Unguja, kimewafunza kina mama wa vijijini, wengine watu wazima wasiosoma sana, kuziunganisha na kuzitengeneza kwa mikono yao.

Pamoja na yote hayo, mabadiliko makubwa ya stoo ya bibi hayakuletwa na taa. Yaliletwa na shangazi na ndoo ya chokaa.

Kuta za stoo zilikuwa za mawe na udongo, na miaka ya koroboi ukumbini na kandili ndani ilikuwa imezifanya rangi ya sufuria. Shangazi alichoshwa na nge. Akanunua chokaa, hii yetu ya kuchoma mawe ya matumbawe, akairoweka, akaichuja, akapiga mikono miwili kuta zote, akaziba kila ufa. Alikuwa anawafukuza wadudu. Jioni tulipowasha taa tulidhani kuna mtu amebadilisha globu. Ukuta mweusi unameza nuru yote inayoufikia. Ukuta wa chokaa unairudisha sehemu kubwa, inagonga ukuta wa pili, inarudi tena, mpaka kona za nyuma ya magunia zinaonekana. Taa ile ile, umeme ule ule. Hapo nikaelewa kuwa kwa miongo mizima tulikuwa tunabadilisha taa ndani ya chumba ambacho hakikuwa tayari kuangazwa.

Makuti yalipobadilishwa kwa mabati, tukaongeza jingine: kipande cha bati la plastiki linalopitisha mwanga, upana wa bati moja, kimelalia juu ya njia ya kupitia na si juu ya magunia. Sababu za kukiweka hapo ni mbili. Jua kali halifai kuipiga karafuu kila siku, na paa la Wete siku moja litavuja, afadhali livujie sakafuni. Jirani yetu hakuwa na pesa ya bati hilo, akatumia chupa. Ni ufundi uliobuniwa na mekanika wa Brazil, Alfredo Moser, mwaka 2002: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu au mbili, maji safi, vifuniko viwili vya jiki ili maji yasiote ukijani, inapachikwa kwenye tundu la bati, theluthi juu, iliyobaki chini, na kuzibwa vizuri pembeni. Tundu tupu lingetoa mche mmoja wa jua sakafuni. Maji yaliyomo yanaupinda mwanga na kuutawanya pande zote, na adhuhuri chupa moja inashindana na globu ya wati 40 au 60. Usiku, bila shaka, ni chupa ya maji tu. Kwa stoo hilo si tatizo kubwa, kwa sababu siku hizi kazi nyingi ya stoo tunaifanya mchana.

Na ndani ya stoo hiyo nyeupe kuna kitu ambacho bibi hakuwa nacho: daftari. Linaning'inia kwa uzi mlangoni, na kalamu yake. Gunia likiingia linaandikwa, likitoka linaandikwa, la nani, la shamba lipi, tarehe. Wajukuu wa kike na wa kiume wanalisoma sawa. Haikuwezekana kuandika chini ya koroboi, wala palipokuwa na kurunzi moja mfukoni mwa mtu mmoja. Mirathi ya shamba la Mtambwe ilipogawanywa hivi karibuni, mzozo uliokuwa ukingojewa na mtaa mzima haukutokea, kwani kila mrithi alikuwa ameshaona kwa macho yake kilichomo. Elimu ya bibi tumeibakisha vilevile, mkono bado unaingia guniani mpaka kiwikoni, maana hakuna balbu itakayokuambia gunia lina joto ndani.

Siku hizi vijana wanajenga nyumba za matofali, ghorofa moja kwenda juu, na stoo wanaitia chini ya ngazi. Hicho ndicho chumba cha chini cha zama hizi, na kina giza kuliko cha bibi. Mpwa wangu anajenga Limbani, akaniuliza anunue taa gani. Nikamwambia aanze na ukuta: plasta, kisha rangi nyeupe, na dari nyeupe vilevile. Kisha awahi kabla fundi hajaziba, aache matofali mawili matatu ya vioo upande wa uani, juu, pasipofika mkono wa mtu. Swichi aiweke nje ya mlango. LED ndogo mbili, moja kila upande, ni bora kuliko kubwa moja katikati, kwani vivuli vinauana. Na ya tatu ya kuchaji, kwa siku umeme unapoondoka.

“Mjomba, nitajuaje kama inatosha?” akauliza.

Peleka daftari kwenye kona ya mbali kabisa, nikamwambia, nyuma ya magunia. Ukiweza kulisoma huko bila kuinamisha kichwa, inatosha, usinunue nyingine.